Tanbihi 96 katika sura moja: nizifute au niziache?

Swali: "Ninaandika tasnifu ya uzamili juu ya Utendi wa Mwana Kupona na jinsi wanawake wa Lamu wanavyouelewa leo. Sura ya pili ina kurasa 31 na tanbihi 96. Msimamizi wangu ameirudisha, na pembeni ameandika kwa wino mwekundu: 'Tanbihi nyingi hazina kazi, na zinazotakiwa hazipo.' Sikumwelewa na niliona haya kumuuliza. Rafiki yangu anayesoma sheria ananiambia tanbihi haziwezi kuzidi, kwao kila sentensi ina yake. Mwingine anayesoma elimu anasema tanbihi zimepitwa na wakati, siku hizi watu huweka jina na mwaka kwenye mabano, basi. Mimi nilizijaza kwa sababu naogopa kuambiwa nimeiba maandishi ya watu. Je, tanbihi ni nini hasa, na ni kitu kimoja na marejeleo? Nyingine nimezitoa kwenye vitabu vya watu kama zilivyo. Hilo ni kosa? Na mabibi niliowahoji, nao huingia kwenye tanbihi?"

Jibu:

Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonishika si ile hesabu ya 96. Kilichonishika ni pale uliposema unaogopa. Kwa miaka mingi nimehariri miswada ya kitaaluma, na nimejifunza kuitambua tanbihi iliyozaliwa na hofu. Huwekwa kwenye sentensi ambayo hakuna anayeitilia shaka, ikatoa ushahidi ambao hakuna aliyeuomba, huku sentensi nzito iliyo mistari miwili chini yake ikipita hivi hivi. Nadhani hicho ndicho alichokiona msimamizi wako. Maneno yake ni makali kidogo, lakini hakukufukuza. Alikuambia mambo mawili kwa mpigo, nawe ukasikia moja tu, kwamba ni nyingi. La pili, kwamba zinazotakiwa hazipo, ndilo zito zaidi.

Tuanze na neno lenyewe, maana litatusaidia huko mbele. Tanbihi limetujia kutoka Kiarabu, na lina ndugu yake tuliyemzoea: kutanabahi. Aliyetanabahi ni mtu aliyekuwa akipita zake, mara akazindukana kwamba hapa pana jambo. Kuweka tanbihi basi ni kumgusa msomaji begani na kumwambia, simama kidogo. Tanbihi 96 kwa kurasa 31 ni kama tatu kila ukurasa, na hesabu hiyo peke yake haina ubaya. Nimehariri makala za historia zenye nyingi kuliko hizo na sikufuta hata moja. Shida huja msomaji anapogeuka mara kumi, na mara tisa akakuta hapakuwa na jambo. Ya kumi na moja hatageuka, na pengine hiyo ndiyo uliyoihangaikia wiki nzima.

Sasa kazi zake. Tanbihi ziko za aina mbili, na huchanganya watu kwa sababu zimevaa nguo moja: namba ndogo iliyopanda juu ya mstari, na maandishi madogo chini ya ukurasa. Kuna tanbihi ya ushahidi. Hii husema: jambo hili nimelipata kwa fulani, katika kitabu fulani, ukurasa fulani, nenda ukaone mwenyewe. Halafu kuna tanbihi ya maelezo. Hii hubeba kitu ambacho msomaji anaweza kukihitaji lakini kikiwekwa katikati ya hoja kitaikata: maana ya neno la zamani, tofauti ya nakala mbili, sababu ya wewe kuchagua tafsiri hii na kuiacha ile. Ukitaka kujua tanbihi yako ni ya aina gani, jiulize ingepotea msomaji angepoteza nini. Akipoteza njia ya kukuhakiki, ilikuwa ya ushahidi. Akipoteza ufahamu wa jambo la pembeni, ilikuwa ya maelezo. Asipopoteza kitu, umekwisha jua la kufanya.

Marejeleo, au marejeo kama tunavyosema huku Tanzania, ni kitu kingine. Ni ile orodha ya mwisho wa kazi, iliyopangwa kwa alfabeti, inayoonyesha ulisoma nini. Tanbihi ya ushahidi inaonyesha sentensi ipi imetoka wapi. Mtu anaweza kuwa na kurasa kumi za marejeo na bado tusijue katika maneno yake lipi ni lake na lipi ni la watu. Orodha inasema mwenye nyumba anakaa Lamu. Tanbihi inakufikisha mlangoni kwake.

Kuhusu rafiki zako, kila mmoja amekuambia kweli ya kwao. Katika sheria hoja husimama juu ya mamlaka: kifungu cha sheria, hukumu ya mahakama, aya ya hukumu hiyo. Jaji hataki kujua tu unaonaje, anataka kujua umeipata wapi, na anataka kuiona papo hapo bila kufunua ukurasa. Ndiyo maana mtindo wa OSCOLA, uliotungwa Oxford kwa ajili ya wanasheria, huweka rejeo lote chini ya ukurasa. Elimu na saikolojia hufuata zaidi APA, mtindo wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, ambao ushahidi wake hukaa ndani ya mabano: jina, mwaka, na ukurasa unaponukuu.

Lakini si kweli kwamba mabano ni mambo ya leo na tanbihi ni mambo ya jana. Mtindo wa jina na mwaka kwa kawaida hurejeshwa kwenye makala ya mwaka 1881 ya Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyekuwa akichunguza mayai ya konokono wasio na gamba. Umri wake umepita karne. Ulishika katika sayansi kwa sababu msomaji wa sayansi hutaka kujua kwanza habari ni ya lini. Utafiti wa miaka 30 iliyopita huenda umekwisha pinduliwa. Msomaji wa historia na wa maandiko ya kale ana haja nyingine. Yeye anataka kujua hati ni ipi, imehifadhiwa wapi, ni nakala ya nani, imesomwaje, na maelezo ya namna hiyo hayaenei kwenye mabano. Mitindo hii miwili ilizaliwa na wasomaji wawili tofauti. Tena hata APA haijakataza tanbihi. Imehamisha ushahidi tu, tanbihi fupi ya maelezo imeiacha mahali pake.

Kwa hiyo kabla hujafuta hata moja, kuna jambo hukunieleza: idara yenu inafuata mtindo gani? Ikiwa ni APA, basi tanbihi zako zote za ushahidi zinapanda juu kuingia kwenye mabano, na chini zitabaki za maelezo peke yake, huenda 15 au 20. Ikiwa ni mtindo wa tanbihi wa Chicago, zinabaki chini na mabano ndiyo yanayoondoka. Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni mtu kuchanganya: sentensi ina mabano yenye jina na mwaka, na papo hapo ina namba inayompeleka msomaji chini akakute jina lile lile na mwaka ule ule. Sitashangaa kama robo ya zile 96 ni za namna hii. Zikikutoka hizo utakuwa umepumua.

Naomba unisubiri kidogo hapa, kwa sababu unaandika juu ya Lamu na kuna dhana nataka kuigusa. Wapo wanaoona tanbihi kuwa desturi ya Kizungu iliyoletwa na vyuo vikuu. Lakini tazama vitabu vya fikihi, yaani sheria za Kiislamu, ya Kishafii, madhehebu ya pwani yetu. Kuna matini fupi ya Abu Shuja. Ikaja sharhe ya Ibn Qasim, inayoifungua matini hiyo neno kwa neno. Kisha Bajuri, sheikh wa Al-Azhar aliyefariki mwaka 1860, akaandika hashiya, yaani maelezo ya pembezoni, juu ya sharhe. Katika chapa za zamani maneno haya hukaa kwenye ukurasa mmoja, mengine katikati na mengine pembezoni, na mwanafunzi anajua yupi anasema nini. Hashiya kwa Kiswahili ni ukingo, pindo la nguo au la mkeka. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utendi ule mwaka 1858, Bajuri alikuwa bado hai huko Misri. Ule ustaarabu uliomlea mtunzi wako ulijua vizuri sana kutenga neno la asili na neno la mfafanuzi. Unapoweka tanbihi chini ya ubeti wa Mwana Kupona huleti kitu kigeni.

Ziwe chini ya ukurasa au mwisho wa sura? Mwongozo wa chuo ukikuachia uchague, chagua chini. Mabishano haya ni ya zamani. Edward Gibbon alipotoa buku la kwanza la historia yake ya kuanguka kwa Dola la Kirumi, mwanzoni mwa 1776, maelezo yote yaliwekwa mwisho wa kitabu. Mwanafalsafa David Hume, aliyekuwa mgonjwa na amebakiza miezi michache ya kuishi, alimwandikia mchapishaji mwezi Aprili akilalamika kwamba unaiona namba, unafunua mpaka mwisho, na huko unakuta jina la kitabu tu. Alishauri majina hayo yachapwe pembeni au chini ya ukurasa, na baadaye yakateremshwa chini ya kurasa. Hoja ya Hume haijachakaa. Mtahini wako ana tasnifu nyingine mezani, na hatafunua kurasa nyingi kutafuta namba 73. Lililo chini ya macho yake atalisoma.

Tuingie sasa kwenye kazi yako. Nitatumia ubeti unaoujua kwa moyo:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asaa ukazingatia

Mwandishi mwenye hofu ataweka hapa namba nne: moja kwenye *negema*, moja kwenye *sanati*, moja kwenye *upulike*, moja kwenye *asaa*, kila moja na maana yake kama kamusi. Hizo ni tatu za bure. Sogea, sikiliza, huenda: maana hizi ziandike kwa mfululizo wa maneno yako katika aya inayofuata ubeti, msomaji atazishika bila kusimamishwa. Lakini *sanati* ni habari nyingine. Ukiisoma "wa sanati", ni mwenye miaka michache, na anayesemwa ni binti, kwamba angali mdogo. Lakini wapo waliousoma mshororo huu "hasanati", yaani mema, thawabu. Na hapo mchachefu anageuka kuwa mama mwenyewe, anayekiri mbele ya mwanawe kwamba mema yake ni haba. Herufi moja, na utendi mzima unafunguliwa na mtu mwingine: ama mama anayemtazama mtoto wake kwa huruma, ama mgonjwa anayejitazama nafsi yake kabla ya kuondoka duniani.

Hapo ndipo penye tanbihi. Mistari minne au mitano: mshororo unasomwa hivi na vile, nakala hii ina hivi na ile ina vile, mimi nimefuata huu kwa sababu hii. Ikiwa hoja ya sura yako ni uhusiano wa mama na binti, basi hata chini pasikutoshe. Jambo hili lipande juu, liwe aya kamili. Hiki ni kipimo ambacho kimenisaidia sana: tanbihi inayozidi mistari sita au saba ama ni hoja iliyojificha, ipandishwe, ama ni mapenzi ya mwandishi kwa kitu alichokigundua, iondolewe na kutunzwa kwa ajili ya makala nyingine. Kuiondoa kunauma, najua. Nimewahi kumwona mwandishi akipigania tanbihi ya nusu ukurasa juu ya mitindo ya kusuka ukili katika kitabu cha sarufi.

Nadhani ndivyo msimamizi wako alivyokusudia aliposema zinazotakiwa hazipo. Pitia sura yako ukitafuta sentensi zinazobeba mzigo. Ukiandika kwamba Mwana Kupona alikuwa mke wa Bwana Mataka wa Siu, unahitaji ushahidi mara moja, mwanzoni, basi. Ukiandika kwamba Lamu ni kisiwa cha Kenya huhitaji chochote. Lakini ukiandika kwamba "wanawake wa leo wameacha kuusoma utendi huu kama amri na wanausoma kama historia", hapo nataka kujua umejuaje, na wanawake gani, na wangapi, na nani kabla yako aliyesema hivyo au kinyume chake. Sentensi kama hiyo ndiyo inayoachwa uchi mara nyingi, kwa sababu mwandishi ameizoea kichwani mwake hata akaiona kama jambo linalojulikana na wote.

Nije kwenye woga wa kuiba. Naomba ulielewe hili vizuri: wingi wa tanbihi hauzuii wizi wa maandishi. Mtu akinakili aya nzima ya mwingine neno kwa neno, bila alama za kunukuu, kisha akaweka namba mwisho wa aya, bado amechukua maneno yasiyo yake. Namba inasema wazo nimelipata kwa fulani. Haisemi maneno nayo ni ya fulani. Alama za kunukuu ndizo zinazosema hivyo. Na kubadilisha maneno mawili matatu, ukaweka "aghalabu" palipokuwa "mara nyingi", hakufanyi sentensi iwe yako. Funga kitabu, eleza kwa lugha yako kama unavyomweleza mdogo wako, kisha fungua uhakikishe hukumsingizia mwandishi, halafu weka rejeo. Ukifanya hivyo hofu itapungua, na tanbihi zitapungua nayo.

Sasa lile uliloliuliza kwa sauti ndogo, la kunakili tanbihi za watu kama zilivyo. Nashukuru umeliuliza, kwa sababu wengi hufanya na hawasemi. Ndiyo, ni kosa. Tanbihi ya ushahidi ni neno la shahidi: unasema nimekiona kitabu hiki, na ukurasa huu una jambo hili. Ukiinakili kutoka kwa mwingine unashuhudia kitu ambacho hukukiona. Mbele ya kadhi shahidi wa namna hiyo angerudishwa nyumbani, hata kama alichosema kingekuja kuonekana ni kweli.

Tena kuna madhara yake hasa. Chukua mwandishi wa kwanza aliyekosea akaandika ukurasa wa 117 palipokuwa 171. Wa pili ananakili, wa tatu anamnakili wa pili, wa nne anawaona watatu wanaokubaliana na kujiona yuko salama. Msomaji anahesabu mashahidi wanne. Kumbe ni mmoja, naye alikosea. Nimekutana na hali hii kazini. Katika mswada mmoja niliona mwaka wa kuchapishwa kwa kitabu cha zamani ukinitia shaka, nikafungua vitabu vitatu vilivyorejelewa, vyote vikawa na mwaka huo huo. Nilipokiona kitabu chenyewe mwaka ulikuwa mwingine. Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyekuwa amekishika mkononi. Mwandishi wa mswada alikuwa mtu mwaminifu kabisa, aliamini kwamba watatu hawawezi kukosea pamoja.

Dawa yake si ngumu. Kama kitabu cha asili kinapatikana, kitafute, ukisome ule ukurasa na kurasa mbili tatu za kabla na baada, ndipo ukirejelee kama chako. Mara nyingi utakuta kinasema zaidi ya kile alichokichukua mwenzako, au kinasema kinyume. Kama hakipatikani, sema ukweli: taja cha asili, kisha andika "kama alivyonukuliwa na", halafu taja kitabu ulichokisoma wewe na ukurasa wake. Usione haya kwa hilo. Mtahini mzuri humheshimu mwanafunzi anayesema wazi alifika wapi. Ila zikiwa nyingi, tuseme zaidi ya tano au sita katika sura, ni dalili kwamba kuna vitabu vya msingi hujavisoma, na hapo ndipo pa kuweka nguvu.

Tahadhari nyingine ya siku hizi. Usiziachie programu za akili bandia zikutungie marejeo. Zinaweza kukuletea jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka na ukurasa, vyote vimepangwa vizuri, na kitabu hicho hakijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Mwaka 2023 huko New York mawakili walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani hoja zilizosimama juu ya kesi ambazo programu ilizizua. Walikuwa watu wazima wenye uzoefu. Kitabu ambacho hukukifungua kisiingie kwenye tanbihi yako, kwa njia yoyote kilivyokufikia.

Na sasa mabibi wa Lamu, sehemu iliyonifurahisha kuliko zote katika swali lako. Ndiyo, wanaingia, na waingie kwa heshima ile ile unayokipa kitabu. Tunao mfano wetu wa kale kwa hilo. Hadithi ya Mtume haipokewi hivi hivi. Ina isnadi, fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka ifike kwa aliyesikia kwa sikio lake, na kila mmoja katika mnyororo huo hupimwa. Fanya hivyo hivyo. Bibi akikuambia kwamba utendi huu ulikuwa ukisomwa kwa wari kabla ya harusi, usiishie kuandika "mahojiano". Je, aliliona jambo hilo mwenyewe, au alihadithiwa na mamake? Alikuwa na umri gani? Liandike: mahojiano na fulani, mahali, tarehe, naye alisikia kwa nani. Tofauti ya "niliona" na "tuliambiwa" huenda ikawa ndiyo hoja bora ya tasnifu yako yote.

Lakini lipo jambo moja la kutangulia: idhini. Utendi huu unagusa mambo ya ndoa na ya ndani ya nyumba, na bibi aliyekufungulia moyo barazani kwake huenda hakudhani jina lake litakaa maktabani. Muulize wazi kama anataka kutajwa. Akikataa, mpe jina la kupanga, kisha tanbihi ya kwanza kabisa inayomhusu mhojiwa ieleze kwamba majina yamebadilishwa na rekodi zimehifadhiwa wapi. Wengine watakataa kufichwa. Watataka majina yao yaandikwe kamili, na ukoo wao, na hiyo nayo ni haki yao. Mitindo hutofautiana katika hili: APA haiwaingizi wahojiwa wa utafiti kwenye orodha ya marejeo, kwa hiyo wao watajwe ndani ya matini na katika sura ya mbinu za utafiti. Angalia pia masharti ya kibali chako cha utafiti, maana huenda yamekwisha amua jambo hili kabla yako.

Ya ufundi nayapita haraka. Namba huwekwa baada ya nukta au mkato, si kabla. Utakapoona vitabu vya wenzetu wa Kongo au Burundi vimeiweka kabla ya nukta, hiyo ni athari ya uchapaji wa Kifaransa, usiige nusu nusu. Usiiweke namba ya tanbihi juu ya tarakimu, kwa sababu 5 yenye 2 ndogo juu yake itasomwa kama hesabu. Rejeo likitokea mara ya kwanza liandike kamili: J. W. T. Allen, *Tendi* (London: Heinemann, 1971), uk. 60, ukurasa huo ukiwa wa mfano tu. Baadaye inatosha Allen, *Tendi*, uk. 62. Vile vifupisho vya Kilatini, ibid. (hapo hapo) na op. cit. (kazi iliyokwisha tajwa), naona uachane navyo. Ukihamisha aya moja wakati wa kusahihisha, "hapo hapo" yako itaanza kuelekeza kwa mtu mwingine bila wewe kujua, na hata mwongozo wa Chicago siku hizi unapendelea jina fupi. Katika programu ya Word kwenye Windows bonyeza Ctrl, Alt na F kwa pamoja, namba zitajipanga zenyewe. Usiziandike kwa mkono. Na ipo Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeo, ambayo itakuokolea siku nzima pale idara itakapokuambia ubadilishe mtindo.

Kuna mambo ambayo mimi sitaweza kukusaidia nikiwa huku mbali. Mtindo wa idara ni mwongozo wa chuo chako na msimamizi wako wanaousema, na wakipingana nami wafuate wao. Nakala za zamani za utendi, hasa za hati za Kiarabu, zinahitaji ukae na mkutubi au mtu anayezisoma, kwa sababu tofauti kama ile ya sanati na hasanati haionekani katika chapa moja. Na kama umekwisha kuitwa kuhusu wizi wa maandishi, au ripoti ya programu ya kulinganisha maandishi imetoka na asilimia ya kutisha, usijitetee kwa barua pepe. Nenda ofisini na ripoti yenyewe mkononi, mpitie mstari kwa mstari. Asilimia hiyo huhesabu mfanano tu. Beti ulizonukuu kihalali na orodha ya marejeo huweza kuipandisha, na anayeweza kutenganisha hayo ni mtu aliyekaa nawe.

Kwa sasa nenda kwa msimamizi wako, na ile haya iache nyumbani. Mtu aliyesoma tanbihi 96 akaona zipi hazipo ni mtu aliyekusoma kwa makini, wapo wanafunzi wanaoitamani bahati hiyo. Usimpelekee sura nzima. Chagua kurasa tatu, moja iwe ile ya ubeti wa kwanza, uzisafishe kwa namna tuliyozungumza, na pembeni mwa kila tanbihi iliyobaki uandike kwa penseli neno moja: ushahidi, au maelezo. Mwonyeshe, kisha umuulize ni sentensi gani katika kurasa hizo yeye angeitaka ithibitishwe nawe hukuithibitisha.